Maumivu ya Mgongo Baada ya Upasuaji wa Pingili Zilizovunjika: Mwongozo kwa Wazee na Wanaowatunza

Mzee aliyevunjika pingili za mgongo na kufanyiwa upasuaji katika hospitali kubwa, kama vile Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, hukaa wodini kwa muda, kisha hupewa ruhusa na kurejea nyumbani, pengine katika mkoa wa mbali. Huko daktari bingwa wa mgongo hayupo karibu. Yapo maumivu, upo mfuko wa dawa unaopungua kila siku, na lipo duka la dawa mtaani ambalo halikosi kidonge cha kutuliza maumivu. Kuanzia hapo, maamuzi mengi kuhusu maumivu hayo hufanywa na mgonjwa mwenyewe, mwenzi wake, watoto wake na hata wajukuu.

Makala haya tumeyaandaa kwa ajili yao. Hatukusudii kuchukua nafasi ya daktari. Tunakusudia kumsaidia mtumiaji wa dawa na vifaa tiba ajue anachotumia, anachonunua, na wakati gani asinunue chochote bali aende hospitali. Jambo la msingi ni hili: upasuaji huimarisha pingili iliyovunjika, lakini hautibu udhaifu wa mifupa uliosababisha pingili hiyo kuvunjika. Kwa sababu hiyo, maumivu yanayofuata yanapaswa kueleweka kwanza, ndipo yatulizwe.

Upasuaji umefanya nini, na haukufanya nini

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangana moja juu ya nyingine. Kwa kijana, pingili huvunjika kwa nguvu kubwa, kama ya ajali ya barabarani au kuanguka kutoka juu ya mnazi. Kwa mzee mambo ni tofauti. Kadiri umri unavyosonga, mfupa hupoteza uzito na uimara wake, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Hali hiyo wataalamu huiita osteoporosisi. Mfupa uliofikia hapo unaweza kubonyea kwa kuteleza bafuni, kwa kuinua ndoo ya maji, au hata kwa kikohozi kikali. Wanaume nao hawajasalimika, hususan waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, wavutaji wa sigara na wanywaji wa pombe kupita kiasi.

Pingili nyingi zilizobonyea hupona bila upasuaji. Daktari huamua kupasua pale uti unapokosa uthabiti, neva zinapobanwa, au maumivu yanapokataa kupungua kwa tiba nyingine. Hapo anaweza kufunga skrubu na fito za chuma ili kuzishikilia pingili, kuondoa kipande cha mfupa kinachobana neva, au kuingiza saruji maalumu ya mifupa ndani ya pingili iliyobonyea.

Njia yoyote itakayotumika, kazi hufanyika mahali pamoja tu. Pingili zilizo juu na chini ya hapo zimebaki na mfupa uleule dhaifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001, uliofuatilia wanawake waliokoma hedhi, ulionyesha kwamba miongoni mwa waliovunjika pingili, takriban mmoja kati ya watano alivunjika nyingine ndani ya mwaka mmoja. Hii ndiyo sababu maumivu mapya hayapaswi kuchukuliwa kuwa ni yaleyale ya zamani.

Maumivu yanayotarajiwa

Yapo maumivu ya aina tatu ambayo ni sehemu ya kupona.

Ya kwanza ni ya kidonda cha upasuaji. Huwa makali siku za mwanzo na hupungua sana katika wiki mbili au tatu.

Ya pili ni ya misuli. Mgonjwa huhisi mgongo unavuta au unakaza, hasa baada ya kukaa au kusimama kwa muda mrefu. Huweza kuendelea kwa wiki kadhaa, hata miezi mitatu, kwa kuwa misuli ilikatwa, ilivutwa au ililegea wakati wa kulala.

Ya tatu ni ya neva. Haya huchoma, hutekenya kama sindano, au hushuka mguuni kama shoti ya umeme. Neva iliyobanwa hupona polepole, kwa miezi, na hata baada ya kufunguliwa huweza kuendelea kusumbua.

Mfupa wenyewe huhitaji takriban miezi mitatu kuunga. Pale pingili zilipounganishwa kwa vyuma, mshikamano kamili huweza kuchukua kati ya miezi sita na mwaka mmoja. Tunaona ni vema pia kusema wazi kwamba si kila mgonjwa atafikia hali ya kutosikia maumivu kabisa. Lengo la tiba ni maumivu yapungue kiasi cha kumwezesha mzee kulala, kutembea, kujihudumia na kukaa na watu wake.

Ili kufahamu mwelekeo wa maumivu, tunashauri familia iwe na daftari dogo. Kila jioni andikeni ukali wa maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10, dawa zilizotumika na saa zake, na jambo alilolifanya mgonjwa siku hiyo: amekwenda chooni mwenyewe, ameketi mezani kula, amefika kwa jirani. Kama wiki hii anafanya zaidi ya wiki iliyopita, anapona, hata kama bado anaumwa. Kama uwezo unarudi nyuma, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari.

Dalili zisizosubiri

Mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri tarehe ya kliniki, akipata mojawapo ya dalili hizi:

– miguu kuishiwa nguvu, au ganzi inayoongezeka;
– ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa;
– kushindwa kukojoa, au kutokwa na mkojo au choo bila kujizuia;
– homa, au kidonda kuvimba, kuwa chekundu, kutoa usaha au majimaji;
– maumivu makali ya ghafla, hasa baada ya kuanguka, kuinama au kuinua kitu;
– mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye nyama ya nyuma, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida;
– choo cheusi kama lami, kutapika damu, au kuchanganyikiwa ghafla.

Dalili tatu za mwanzo huashiria kwamba neva zinabanwa, na saa chache huweza kuamua kama mgonjwa atatembea tena. Kidonge cha maumivu katika hali hiyo hupoteza muda ambao mgonjwa hana.

Dawa za maumivu: soma kiambato, si jina la biashara

Dawa inayoanziwa mara nyingi ni parasetamoli. Kwa mtu mzima, kiwango cha juu ni miligramu 4,000 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mzee mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini au anayetumia pombe huhitaji kiwango cha chini zaidi, atakachopangiwa na daktari. Katika wiki za mwanzo, dawa hii hufanya kazi vizuri ikimezwa kwa saa zilizopangwa kuliko kusubiri hadi maumivu yazidi.

Hatari hutokea pale dawa moja inapoingia mwilini kwa majina matatu. Tuchukue mfano. Bibi wa miaka 74 mwenye shinikizo la damu ameandikiwa parasetamoli, vidonge 2 mara 3 kwa siku; hizo ni miligramu 3,000. Usiku maumivu yakamzidi, kijana wake akanunua vidonge vya mchanganyiko vyenye diklofenaki na parasetamoli ndani yake, akawa anameza kimoja mara 3. Hizo ni miligramu 1,500 nyingine. Akapata mafua, akaongeza vidonge 2 vya mafua kwa siku ambavyo navyo vina miligramu 500 za parasetamoli kila kimoja. Jumla imefika miligramu 5,500. Hakuna aliyekusudia kumzidishia dawa, lakini ini lake limebebeshwa mzigo unaoweza kuliharibu, huku diklofenaki ikileta matatizo mengine.

Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu na piroksikamu ni dawa za jamii moja. Zinatuliza maumivu, na daktari anaweza kuziandika kwa siku chache. Hata hivyo, kwa mzee huweza kusababisha vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, kuharibu figo, kupandisha shinikizo la damu na kuzidisha udhaifu wa moyo. Hatari huongezeka kwa anayetumia aspirini au dawa za kuzuia damu kuganda, na kwa anayetumia dawa za presha, hususan zile za kukojosha. Usitumie mbili za jamii hii kwa pamoja, na usirefushe siku ulizoandikiwa. Sindano ya diklofenaki ina madhara yaleyale ya kidonge. Kuipitisha kwenye msuli hakuyaondoi. Dawa ya kupaka ya jamii hii huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo zaidi, ila isipakwe kwenye kidonda wala karibu na mshono ambao haujafunga.

Tramadoli na dawa nyingine za jamii ya afyuni hutolewa kwa cheti cha daktari kwa sababu maalumu. Humfanya mzee asinzie, apate kizunguzungu na kufunga choo, na huweza kuleta degedege au kumchanganya akili. Zikichanganywa na pombe au dawa za usingizi kama diazepamu, huweza kudhoofisha upumuaji hadi kuua. Kwa mgonjwa wa mgongo kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi: kizunguzungu cha usiku, njiani kwenda chooni, ndicho huleta anguko, na anguko huleta pingili nyingine iliyovunjika. Mgonjwa anayetumia dawa hizi asiamke peke yake usiku, taa iwe karibu, na anywe maji ya kutosha pamoja na kula mboga na matunda kama papai ili choo kisiwe kigumu. Kujikamua chooni huumiza mgongo.

Kwa maumivu ya neva, daktari anaweza kuandika amitriptilini, gabapentini au pregabalini. Hizi huanzwa kwa kiwango kidogo na huchukua siku au wiki kadhaa kuonyesha nafuu. Kwa hiyo zisiachwe siku ya tatu kwa kudhaniwa kuwa hazifanyi kazi, wala zisikatishwe ghafla baada ya kutumika kwa muda mrefu. Mzee wa kiume mwenye tatizo la tezi dume amweleze daktari kabla ya kutumia amitriptilini, kwani huweza kuzuia mkojo.

Bidhaa zinazoponya upesi mno

Maumivu ya muda mrefu huvutia wauzaji. Mgonjwa huletewa vidonge vya kienyeji, unga wa mitishamba au virutubisho vya viungo, na kuambiwa kwamba havina kemikali. Pengine hupata nafuu kubwa ndani ya siku moja. Nafuu ya namna hiyo inapaswa kuzua swali: kuna nini ndani yake?

Mwaka 2022, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliutahadharisha umma kuhusu bidhaa zenye jina la Artri King, zilizokuwa zikiuzwa kama virutubisho vya viungo. Vipimo vya maabara vilibaini ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, dawa ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Deksamethasoni ni steroidi. Hupunguza uvimbe na maumivu kwa haraka, lakini ikitumika kwa muda mrefu hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha kinga, na huumomonyoa mfupa. Maana yake ni kwamba mzee aliyevunjika kwa sababu ya mifupa dhaifu huweza kulipia kwa fedha zake dawa inayoidhoofisha zaidi.

Aliyekwisha kutumia bidhaa ya aina hii kwa wiki kadhaa asiiache ghafla, kwa kuwa mwili huwa umepunguza kutengeneza steroidi yake wenyewe, na kuacha kwa ghafla huweza kuhatarisha maisha. Aende hospitali akiwa na bidhaa hiyo na kifungashio chake, aeleze bila kuficha. Daktari atampangia namna ya kuipunguza. Kwa anayetaka kutumia tiba asili, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ndilo lenye jukumu la kusajili watoa huduma na dawa za asili nchini. Ni haki yake kudai kuona usajili huo. Tunasisitiza pia kwamba mgongo uliofanyiwa upasuaji usichuliwe, usikandamizwe wala kunyooshwa na mtu asiyejua kilichofanyika ndani yake. Kitambaa chenye joto la wastani huweza kulegeza misuli iliyokaza, ila kisiwekwe juu ya kidonda wala kwenye ngozi yenye ganzi, kwani mgonjwa ataungua bila kuhisi.

Mwendo ni sehemu ya tiba

Familia nyingi humlaza mzee kwa huruma. Kwa bahati mbaya, mzee anayelala kutwa hupoteza misuli kwa haraka, damu yake huweza kuganda miguuni, mapafu hushambuliwa na maambukizi, na mfupa hudhoofika zaidi. Isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo, ni bora atembee kidogo mara nyingi: dakika chache, mara kadhaa kwa siku, akiongeza kila wiki. Kidonge cha maumivu kikimezwa nusu saa au zaidi kabla ya mazoezi, mazoezi huwa mepesi. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye wa kumpangia mazoezi yanayofaa aina ya upasuaji wake.

Wakati wa kuamka, mgonjwa ageuke ubavu mabega na nyonga vikienda pamoja kama gogo, ateremshe miguu, kisha ajisukume kwa mikono. Kwa muda atakaoelekezwa na daktari, aepuke kuinama, kujipinda na kuinua mizigo. Katika maisha yetu hilo lina maana mahususi: asipige deki, asipike kwenye jiko la chini akiwa juu ya kigoda, asiteke maji, asipakiwe kwenye bodaboda. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti imara chenye tundu. Mwenye kuswali aswali ameketi kwenye kiti, kama dini inavyomruhusu mgonjwa. Mikeka inayoteleza na ndala zilizolika ziondolewe njiani.

Mkanda wa mgongo uvaliwe kama ulivyoelekezwa tu. Uwe wa kipimo cha mgonjwa, uvaliwe juu ya fulana nyepesi, na ngozi iliyo chini yake ikaguliwe kila siku. Ukivaliwa kwa miezi bila sababu, misuli ya mgongo hulegea. Muuzaji akidai kwamba mkanda wake wa sumaku huunga mifupa, mwombe ushahidi kabla ya kutoa fedha.

Kutibu mifupa yenyewe

Kabla ya kuondoka hospitali, au katika kliniki ya kwanza, uliza swali hili: “Kwa nini pingili hii ilivunjika?” Kama mzee hakuanguka kwa nguvu, daktari atataka kuchunguza udhaifu wa mifupa, na pia kuhakikisha kwamba hakuna kifua kikuu cha mifupa wala saratani iliyoenea kwenye uti.

Ikibainika kuwa ni osteoporosisi, ipo tiba. Mgonjwa hushauriwa kuhusu kalisi na vitamini D, pamoja na vyakula kama maziwa, mtindi na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Anaweza pia kuandikiwa dawa ya kuimarisha mifupa kama alendroneti, ambayo mara nyingi humezwa mara moja kwa wiki. Dawa hii ina masharti: imezwe asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa, na mgonjwa akae wima kwa angalau dakika 30. Akilala mara tu baada ya kumeza, dawa huweza kuchoma umio. Mzee asiyeweza kukaa wima kwa muda huo amweleze daktari, apangiwe dawa nyingine.

Kumbukumbu za kutunza na taarifa za kutoa

Weka pamoja karatasi ya ruhusa, picha za eksirei, orodha ya dawa zote, na kumbukumbu ya vyuma au saruji iliyowekwa mwilini: jina la kifaa, mtengenezaji na namba ya toleo. Kama hukupewa kumbukumbu hiyo, iombe. Itahitajika mgonjwa atakapopelekwa kupigwa picha za MRI, atakapopasuliwa tena, au endapo kifaa kitaondolewa sokoni.

Nunua dawa kwenye famasi au duka la dawa lenye kibali. Kagua jina la kiambato, tarehe ya mwisho wa matumizi na hali ya kifungashio, na mwonyeshe mtoa dawa orodha yako yote kabla hajakuuzia nyingine. Ukipata madhara ambayo hukuyatarajia, au ukishuku kwamba dawa, mkanda au kifaa si salama, toa taarifa kwenye kituo cha afya au ofisi ya Mamlaka iliyo karibu nawe. Tunza kifungashio na mabaki ya bidhaa, kwani namba ya toleo ndiyo inayotuwezesha kuifuatilia hadi ilikotoka na kuwakinga wengine wanaoitumia.